Mulongwe: bugenvilia inataka kiu, si bidoni ya maji kila jioni

Kila mwaka mvua za kwanza zikianguka, mwezi wa kumi, swali linarudi lile lile kutoka kwa wasikilizaji wetu wa Mulongwe, Kimanga na Kasenga: nilikata vijiti vya bugenvilia kwa jirani, nikavipanda, vikatoa majani mazuri, baada ya wiki chache vimekauka vyote. Juu ya nini?

Jibu la kwanza ni kwamba yale majani yanadanganya. Kijiti cha bugenvilia kinabeba akiba ya chakula ndani ya mti wake, na kwa akiba hiyo kinaweza kutoa majani kabla hakijatoa hata mzizi mmoja. Wewe unaona kijani, unafurahi, unakihamisha au unakimwagia maji mengi zaidi. Kumbe chini bado ni kijiti tu. Akiba ikiisha, kinakufa. Kama hakikufa kwa njaa, kimeoza kwa maji.

Kwetu nyumbani tulijifunza kwa hasara. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake. Hapa Uvira hakuna haja ya kueleza sana: makumi ya watu walikufa, na nyumba kwa maelfu zilibomoka au kujaa tope. Yetu ilibaki imesimama, ila ukuta wa parseli ulienda. Kujenga ukuta kunaomba matofali na simenti, na pesa hiyo haikuwepo. Uzio wa matete unaoza upesi, unarudia kazi ile ile. Mama akasema tupande bugenvilia, miiba yake itazuia mbuzi na wezi, na tutapata uzuri bila kulipa. Akaomba matawi kwa mama mmoja wa Kimanga. Tulikata vijiti 40. Vilivyoishi vilikuwa 3.

Kabla ya kueleza tulipokosea, tuseme mmea huu ni nini. Kwao ni Amerika ya Kusini. Wataalamu wa Ulaya waliuandika kutokana na safari ya meli za Kifaransa zilizozunguka dunia kati ya 1766 na 1769, zikiongozwa na Louis-Antoine de Bougainville. Njo maana ukapewa jina lake. Mtaalamu wa mimea katika safari hiyo aliitwa Philibert Commerson, na msaidizi wake Jeanne Baret alikuwa mwanamke aliyevaa nguo za kiume ili akubaliwe melini. Huyo anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuzunguka dunia. Ni Brazil, karibu na Rio de Janeiro, mmea huu ulipokusanywa.

Na kile tunachokiita ua, ile rangi ya zambarau, nyekundu, machungwa ao nyeupe, si ua. Ni majani matatu membamba kama karatasi, yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe liko ndani, kidogo sana, kama kitarumbeta cheupe. Chungulia siku moja utaona. Aina nyingi zinazopandwa majumbani hazitoi mbegu, au zinatoa chache mno. Kwa hiyo usitafute mbegu sokoni. Bugenvilia ya jirani inazalishwa kwa kukata ao kwa kuinamisha tawi, na itakayoota itakuwa na rangi ile ile ya mama yake.

Sasa kukata. Chagua tawi lenye unene wa kalamu, ambalo limeanza kuwa gumu. Ncha laini ya kijani inaoza. Shina la zamani lenye gamba nene linachelewa sana. Kata urefu wa sentimita 15 hadi 20, kiwe na vifundo 3 ao 4, yaani pale jani linapotokea. Chini kata karibu kabisa na kifundo, kwa sababu hapo ndipo mizizi inapenda kutokea. Juu kata kwa mshazari, hiyo inasaidia usisahau upande gani ni juu. Usicheke, katika vile 40 vya kwetu vingine vilipandwa kichwa chini. Ondoa maua yote na majani mengi, bakiza mawili ao matatu ya juu. Jani linapoteza maji na kijiti hakina mdomo wa kunywea. Kisu ao sekateri iwe kali na safi. Kijiti kilichopondwa kinaanza kuoza pale pale.

Udongo ndilo kosa letu la kwanza. Tulijaza sashe na lile tope zito lililoachwa na mto, tukifikiri ni rutuba. Lina rutuba kweli, lakini linashika maji kama beseni. Changanya nusu mchanga na nusu udongo wa kawaida. Samadi, kama unaitia, iwe ya zamani, iliyokwisha kuwa kama udongo, na iwe kidogo tu. Mchanga chukua wa mtoni, si wa ufukweni. Toboa sashe chini, matundu ya kutosha. Chomeka kijiti, vifundo 2 viwe ndani, bana udongo kwa vidole, mwagia mara moja, kisha weka mahali penye mwanga bila jua kali: chini ya mwembe, ao upande wa nyumba usiopigwa na jua la saa nane.

Baada ya hapo kazi kubwa ni kujizuia. Ingiza kidole kwenye sashe. Kama kuna unyevu, usimwagie. Mizizi inaomba wiki 4 hadi 8, mara nyingine hata 12. Usivute kijiti ili kupima, maana mizizi ya bugenvilia ni myembamba na inakatika kwa kitu kidogo. Ngoja uone imetokeza kwenye matundu ya chini. Siku ya kuhamisha, usishike shina na kuvuta: pasua sashe kwa wembe, shusha donge zima shimoni. Sisi hata vile vichache vilivyoshika mizizi, vingine tuliviua siku hiyo.

Kwa hali ya hewa ya hapa, mimi ninaona kukata vijiti mwezi wa saba ao wa nane ni bora, hewa ikiwa kavu na kuoza kukiwa kidogo, halafu kuhamisha mvua zikianza. Mvua inakusaidia kazi ya kumwagilia.

Kwa anayetaka miche michache tu, kuna njia ya uhakika zaidi. Inamisha tawi refu mpaka chini, kwaruza gamba kidogo pale linapogusa udongo, fukia hapo, wekea jiwe, ncha ibaki nje. Tawi linaendelea kunyonya kwa mama yake huku likitoa mizizi. Baada ya miezi miwili, mitatu, unalikata na kulihamisha. Mawe, Mulongwe hatukosi.

Tufike kwenye maji, kwa sababu hapa ndipo watu wanajitesa bure. Bugenvilia iliyokwisha kushika inahitaji jua la moja kwa moja, angalau saa 5 ao 6 kwa siku, na inahitaji kiu. Ukiinywesha kila jioni inatoa majani na matawi marefu, maua hakuna. Samadi nyingi inafanya vile vile. Njo sababu kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa tisa, zile za barabarani ambazo hakuna anayezimwagilia zinawaka rangi, na ile ya uwanjani inayopewa bidoni nzima iko kijani tupu. Subiri majani yaanze kulegea kidogo, mwagia vizuri mara moja, halafu acha tena. Mche mdogo wa mwaka wa kwanza usiufanyie hivyo. Huo bado unajenga mizizi.

Katika mji ambapo mama anaamka usiku kutafuta bidoni ya lita 20, na kipindupindu kinarudi kila mara maji safi yakipungua, sioni kwa nini maji ya bomba yaende kwenye maua. Maji ya kusuuzia vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yanatosha. Wengine wanasema basi tutachota ziwani. Kwa dharura, sawa. Kila siku, hapana. Maji ya Tanganyika yana magadi, kipimo chake cha pH kiko karibu na 9, na bugenvilia inapenda udongo wenye uchachu kidogo. Ukiona majani yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, mmea unakosa chuma. Udongo umekuwa wa magadi mno na mizizi haiwezi kukinyonya. Mchanga wa ufukweni unaweza kuleta shida hiyo hiyo.

Maua yanatokea kwenye matawi mapya. Kwa hiyo wimbi moja la maua likiisha, kata. Vaa nguo za mikono mirefu, utomvu wake unawasha ngozi ya watu wengine, na miiba inaingia ndani. Matawi uliyokata usiyaache njiani, mwiba mkavu unatoboa kandambili, na watoto wetu wengi wanatembea miguu mitupu. Kwa uzio, panda mche kila mita 1 ao moja na nusu, na ufunge matawi kwenye nguzo na waya, maana bugenvilia haijui kushika yenyewe kama maharage. Inaegemea tu. Usiipande chini ya nyaya za umeme.

Wako wanaouliza kama inaweza kushika ukingo wa mto. Hapana. Mizizi yake si ya kazi hiyo. Mianzi, matete na vetiva vinashika udongo vizuri zaidi, na hata hivyo havikuzuii maji yanayoshuka mlimani yakibeba mawe kama yale ya 2020. Asiuziwe mtu miche ya bugenvilia kwa ahadi ya kulinda nyumba na Mulongwe.

Jambo lingine la kuangalia unaponunua miche bila maua: usipewe ule wanaouita kwa Kifaransa laurier-rose. Huo hauna miiba, na majani yake ni marefu membamba, mara nyingi matatu matatu kwenye kifundo. Una maua ya waridi mazuri sana, na una sumu kutoka jani mpaka mti. Mbuzi akila majani yake anaweza kufa. Mtoto pia. Vijiti vyake visichomewe nyama ya brosheti, na matawi yake makavu yasiwe kuni za jikoni.

Kwetu, mwaka uliofuata tulikata tena, safari hii kutoka kwenye ile 3. Kabla ya kupanda tulimwita jirani na shefu wa avenu, kwa sababu tope lilikuwa limefunika mawe ya mpaka, na mti uliopandwa kimya kimya unaweza kesho kuitwa ushahidi. Tulivuta kamba pamoja, tukachimba mashimo nusu mita ndani ya upande wetu. Leo uzio unapita urefu wa mtu. Maua mengi yanaangukia kwa jirani, yeye anafagia na kunung'unika kidogo. Anakata upande wake mwezi wa saba, na vijiti vyake anatuletea mlangoni, tunaviweka kwenye sashe.