Nani Atakumbuka Nyimbo Zetu?

Mwaka jana familia moja ya majirani zetu ilipata safari, wakafanya sherehe ndogo ya kuaga uwanjani kwao. Kijana mmoja wa kikundi changu ndiye alikuwa anapiga muziki: spika moja, betri ya sola, na simu yenye kioo kimepasuka. Tangu saa kumi alikuwa anaweka singeli na amapiano. Kwenye saa kumi na mbili papa mmoja akasimama, akaomba "Mario" ya Franco.

"Papa, ile inapita dakika kumi! Batu batalala."

"Weka. Miziki yenu hii ni ya leo-leo tu. Kesho mutaisahau, na batoto benu habataijua hata moja."

Kijana akaweka. Mwanzoni kweli watu walikaa tu, Franco anaongea, anaongea, anamsema yule kijana anayelishwa na mwanamke. Lakini seben ilipoingia, akina mama waliokuwa wanapakua wali wakaacha miiko. Na sisi vijana tukasimama pia, tusidanganyane.

Neno la papa liliniuma, na sababu nitaisema mbele. Kwanza nataka kumjibu kwa historia, kwa sababu kwa adabu zetu siku ile sikuweza kumjibu mbele ya watu.

Wazee wetu wanaongea kama vile kila wimbo wa wakati wao umebaki. Si kweli. OK Jazz ilianza mwaka 1956 na Franco alikufa mwaka 1989. Hiyo ni miaka 33 ya kurekodi, nyimbo mamia kwa mamia. Leo kwenye harusi zetu hapa kambini zinaombwa labda kumi. Mwaka 1984 Franco alitoa wimbo wa kumpigia Mobutu kampeni, "Candidat na biso Mobutu". Mwaka uliofuata akatoa "Mario". Mtu yule yule, bendi ile ile. Ule wa kwanza ulikuwa na nguvu ya serikali nzima nyuma yake, lakini mimi sijawahi kumsikia mzee hata mmoja akisimama kuuomba. Kwa hiyo, papa, hata ninyi mulisahau. Mulisahau mingi sana. Mulichokumbuka ndicho sasa munakiita "muziki wa wakati wetu".

Lakini kuna swali gumu zaidi: je, wimbo unaweza kueleza kizazi kizima?

Mfano unaotajwa kila mara ni "Indépendance Cha Cha". Joseph Kabasele, yule Grand Kallé, na African Jazz waliutunga Brussels mwanzoni mwa mwaka 1960, wakati viongozi wetu walikuwa kwenye mkutano wa Meza ya Duara na Wabelgiji. Ndani yake wametaja vyama na majina ya viongozi, kama vile watu wote walikuwa kitu kimoja. Tarehe 30 Juni uhuru ukafika. Haikupita wiki, askari wakaasi. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Wimbo ulikuwa bado unapigwa redioni na nchi imeshapasuka.

Watu wengine wanasema basi wimbo ule ulidanganya. Mimi naona uliweka mahali salama kile ambacho watu walitarajia, kwa sababu hakuna mahali pengine kilipoandikwa vizuri hivyo. Vitabu vinatuambia kilichotokea. Bibi yangu hakusoma vitabu, lakini ukimpigia ule wimbo anakuonyesha kwa mabega jinsi walivyofurahi. Na karibu miaka 50 baadaye Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi akakulia Ubelgiji, akauchukua upya, akauita "Le jour d'après / Siku ya baadaye". Ona: jina lenyewe ameweka Kiswahili chetu. Anawauliza wakubwa, haya, tulicheza, na kesho yake ilikuwaje?

Na si Lingala tu iliyobaki. Wengi hapa hawajui kwamba wimbo mmoja maarufu sana wa gitaa Afrika ulitoka Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa anazunguka na mashine yake ya kurekodi, alifika Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi kijana Jean-Bosco Mwenda akipiga "Masanga". Gitaa moja, vidole viwili, unadhani ni watu watatu. Mpaka leo wapiga gitaa Ulaya wanahangaika kuiga vile vidole. Fikiria sasa Tracey angepita njia nyingine siku ile. Bosco angekuwa fundi yule yule, ila sisi tungekuwa hatuna habari.

Hapo ndipo mimi nasimama. Uzuri wa wimbo peke yake hauutunzi. Wimbo unabaki kwa sababu kuna mtu aliukamata, na kwa sababu kuna watu waliendelea kuutumia. Vyote viwili.

Nani aliukamata? Tanzania hapa, kwa miaka mingi studio zilikuwa chache sana, na bendi zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam. Bila zile kanda za redio, miaka ya 1970 ingekuwa kimya. Ila redio nayo ilikuwa na macho yake. Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, alikuja Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akawa na Super Matimila. Alipoimba "Mambo kwa Soksi", kuhusu kondomu na UKIMWI, redio haikutaka kuupiga. Watu wakausikia kwenye kaseti. Ndugu zangu wa mashirika munaosoma hapa, munaoleta kila mwaka mafunzo ya afya yenye bango na soda: Mkongomani mmoja alifanya kazi ile kwa gitaa, bila bajeti. Sinza mpaka leo kuna kituo cha daladala kinaitwa kwa Remmy.

Na matumizi? Angalia "Kasongo" ya Super Mazembe, Wakongomani waliohamia Nairobi. Ni wimbo wa miaka ya 1970, mke anamwomba mume wake Kasongo arudi nyumbani. Mwisho wa mwaka 2024 vijana wa Kenya, ambao hata wazazi wao wengine walikuwa bado watoto ulipotoka, wakauokota TikTok, wakamtania nao Rais wao kwa jina hilo. Lingala yenyewe hawaijui. Mke wa Kasongo wamemsahau kabisa. Je, wimbo umebaki au haukubaki? Mimi nasema umebaki, lakini kama koti la marehemu: anayelivaa hana haja ya kujua lilishonewa nani.

Sasa sisi. Sitaki kuongea juu ya Innoss'B wala Diamond. "Yope" ya 2019 iko kwenye mitambo ya watu wenye pesa, haitapotea. Naongea juu ya sisi wa hapa.

Miaka michache nyuma, kituo cha vijana kilikuwa na kompyuta moja na maikrofoni. Vijana wanane walirekodi nyimbo tisa. Kulikuwa na Wakongomani na Warundi pamoja, jambo ambalo kwenye foleni ya mgao huwezi kuliona kila siku. Waliimba juu ya kupunguzwa mgao, juu ya mahojiano ya safari ambayo jibu haliji, na mmoja aliimba juu ya ziwa, ambalo hajawahi kuliona, ameliambiwa tu na mama yake. Mradi ukafungwa. Kompyuta ikachukuliwa, ikasafishwa, ikapelekwa kwingine. Hakuna aliyetuuliza kama ndani kuna kitu. Na mimi niliyekuwa na funguo za chumba sikufikiria kunakili. Hilo ni kosa langu, nalisema hapa wazi. Ndiyo maana papa aliposema "kesho mutaisahau" nilinyamaza.

Wale vijana wanane, watatu tu wako bado kambini. Aliyeimba wimbo wa ziwa yuko nje sasa, namba yake haipatikani.

Lakini mwezi uliopita niko bombani nangoja zamu, nasikia watoto wanaruka kamba wanaimba kiitikio cha ule wimbo. Neno "mashua" wamelibadilisha kuwa "ndege". Nikamwuliza mmoja wao, nani amewafundisha? Akaniangalia kama mjinga. "Ni ya kamba," akasema, akaendelea kuruka.

Nimenunua daftari. Mpaka sasa nimepata maneno ya nyimbo nne, moja haina ubeti wa pili. Kama ulikuwepo, au kama una memori kadi ya zamani ndani ya sanduku, hata imeharibika, niko kituoni Jumanne na Alhamisi baada ya saa nane. Papa wa "Mario" naye nimemwomba aje. Amesema atakuja, ila yeye ndiye ataanza kuimba.