Ajali Ina Kinga: Historia ya Kufunika Shimo

Punguza moto chini ya sufuria, mweke mtoto karibu nawe, tuzungumze kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita nikiwa zamu ya mchana, mama mmoja alifika mbio akiwa na mtoto wa miaka minne. Mama huyo aliuza chai na mandazi kwenye mjengo. Mtoto alipanda ghorofa ya kwanza, ambako palikuwa na tundu lililoachwa kwa ajili ya ngazi. Juu ya tundu hilo mtu alikuwa ametandaza mfuko mtupu wa saruji. Mtoto aliukanyaga, akaanguka mpaka chini. Alivunjika mfupa wa paja, na kwa bahati nzuri alipona. Waliomsindikiza walisema, "Ajali haina kinga." Wengine walimlaumu mama.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, ni kweli ajali haina kinga? Na lawama ni ya nani? Watu wa kale walikuwa na jibu.

Katika Torati, kitabu cha Kutoka mlango wa 21, imeandikwa kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, kisha ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 22, anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Wakati huo dari zilikuwa tambarare na watu walizitumia kama ua. Angalia vizuri, mama: sheria haikumuuliza aliyeanguka kwa nini hakutazama. Ilimuuliza aliyeacha pengo wazi.

Sasa twende New York, Marekani. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto wengi wa mji huo walikuwa wakianguka kutoka madirisha ya majumba marefu, hasa wakati wa joto, madirisha yalipoachwa wazi. Mwaka 1972 idara ya afya ya mji ilianzisha mpango ulioitwa Children Can't Fly, maana yake watoto hawawezi kuruka kama ndege. Wauguzi wenzangu wa huko walitembelea familia nyumbani na kuzungumza na wazazi. Lakini hawakuishia kwenye mawaidha. Familia zenye watoto wadogo katika mitaa yenye hatari zaidi zilipewa bure vyuma vya kuzuia madirishani. Katika eneo la Bronx, idadi ya watoto walioripotiwa kuanguka ilipungua kwa nusu kati ya mwaka 1973 na 1975. Mwaka 1976 mji ukapitisha sheria: mwenye nyumba ya kupanga lazima aweke vyuma hivyo panapoishi mtoto wa miaka 10 au chini.

Kwenye mijengo pia mambo yalibadilika. Kanuni za Marekani za mwaka 1994 zinasema kifuniko cha tundu la sakafu kiweze kubeba mara mbili ya uzito utakaopita juu yake, kifungwe kisisogee, na kiwekwe alama ili kila mtu ajue chini yake kuna shimo. Mfuko wa saruji hauwezi kuitwa kifuniko. Huo ni mtego, kwa sababu unaficha shimo bila kumzuia mtu. Ukingo nao, kwa kanuni hizo, uwe na kimo cha mita 1.1 hivi, na reli nyingine katikati ili mtu asipenye chini.

Hapa kwetu Kenya, sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inampa mwenye eneo la kazi jukumu la kulinda wote wanaofanya kazi hapo. Kwa hivyo kibarua akidai tundu lifunikwe, haombi hisani. Anadai haki yake.

Basi mama, tufanye nini? Kwanza, meza ya chakula iwekwe nje ya mjengo, na mtoto abaki na mtu wa kumwangalia. Pili, kama baba au kijana wako ni kibarua, muulize jioni: "Matundu ya ngazi na ya lifti yamefunikwa? Madirisha ambayo hayajawekwa fremu yamezibwa kwa mbao?" Tatu, nyumba yako mwenyewe ikijengwa, mwambie fundi apigilie mbao nene juu ya kila tundu siku hiyo hiyo linapoachwa. Mbao chache na misumari hugharimu kidogo kuliko kitanda cha hospitali.

Na mtu akianguka, usimwinue haraka wala kumtikisa. Mtulize alipo, kichwa na shingo visisogee, na umwite mwenye kujua huduma ya kwanza. Usimpe chakula wala maji. Mtoto akitapika, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege, au akitoka damu au maji puani au masikioni, ni hatari. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama hana jeraha la nje.

Yule mtoto wa miaka minne siku hizi anatembea bila kuchechemea. Mama yake bado anauza chai, lakini kila akifika mjengo mpya huuliza kwanza habari ya matundu kabla ya kuwasha jiko. Mafundi humcheka kidogo, kisha huenda wakayafunika.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuseme, ajali ina kinga.