Kubeti Kifo cha Staa Hakujaanza Leo

Wadau, huko Ulaya na Marekani wapo wanaofungua mwaka kwa kuandika mkeka wa mastaa watakaofariki. Si jambo jipya. Mwaka 1591 Papa Gregory XIV alipiga marufuku kubeti papa atatawala muda gani. London ya karne ya 18, watu walikata bima kwa uhai wa wakubwa wasiowahusu hata kidogo, mpaka Bunge likazuia mwaka 1774.

Leo wengi wanahesabu pointi kwa kutoa umri wa marehemu kwenye 100. Yaani babu wa miaka 95 anakupa 5 tu, ila msanii wa miaka 30 aliyezama kwenye unga anakupa 70. Akiomba msaada, kuna mtu anaombea asipone.