Bawa Halijui Spidi: Historia Fupi ya Honi ya Stoli

Kuna namba moja ambayo haitoki kichwani: 157. Tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya Lufthansa iliruka kutoka Embakasi, Nairobi, ikiwa na watu 157. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi, nayo ikiwa na watu 157. Zote mbili hazikufika mbali.

Namba kulingana ni sadfa tu. Kinachofanya ajali hizi ziwe ndugu ni kingine. Katika zote mbili, usukani ulikuwa ukitetemeka mikononi mwa rubani ukimwonya kwamba ndege inakaribia kustoli. Mwaka 1974 onyo lilikuwa la kweli. Mwaka 2019 lilikuwa la uongo. Kwa sisi tunaoandika programu, hapo pana somo kubwa, lakini tuanze mwanzo.

STOLI NI NINI?

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Stoli ya ndege si injini kuzima kama gari linavyozima kwenye mlima. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa na ndege ikastoli. Kinachoacha kufanya kazi ni bawa.

Ukiwa kwenye gari linalokimbia, tuseme barabara ya Busia kwenda Mumias hapa Nambale, fikiria umetoa kiganja dirishani kikiwa kimelala. Ukikiinua kidogo upande wa mbele, upepo unakipandisha. Ukiinua zaidi, kinapanda zaidi. Ukikisimamisha sana, upepo unaacha kukipandisha na kuanza kukisukuma nyuma. Bawa ni hivyo hivyo. Kwa ndege nyingi ndogo, pembe kati ya bawa na hewa inayolijia ikipita digrii 15 hivi, hewa inabanduka juu ya bawa na nguvu ya kuinua inaporomoka.

Kwa hiyo si kila ajali ya kuruka ni stoli. Watu wa Busia wanakumbuka 24 Januari 2003, ndege iliyobeba mawaziri ilipoanguka mara tu baada ya kuruka kutoka uwanja mdogo wa Busia. Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif, na marubani wawili walikufa. Ile iligonga nyaya za umeme, yaani hatari iliyokuwa nje ya ndege. Stoli ni hatari iliyo kwenye bawa lenyewe.

SPIDI INADANGANYA

Utasema: si rubani aangalie spidi tu? Tatizo ni kwamba bawa halijui spidi, linajua pembe. Chukua ndege inayostoli kwa kilomita 90 kwa saa ikienda sawa. Ikilazwa digrii 60 kwenye kona bila kupoteza kimo, itastoli kwa kilomita 127. Ongeza mizigo, namba inabadilika tena. Pembe ya kustoli haibadiliki.

Waanzilishi walijifunza haya kwa damu. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka kwa mabawa yasiyo na injini, alianguka Agosti 1896 baada ya kustoli na akafa kesho yake. Hapa kwetu, Florence Wilson alipoanzisha Wilson Airways Nairobi mwaka 1929, ndege kama Gipsy Moth hazikuwa na onyo lolote la stoli. Rubani alisikiliza upepo kwenye waya za mabawa, akahisi usukani ukilegea mkononi.

HONI ISIYOHITAJI BETRI

Miaka ya 1940 Mmarekani Leonard Greene alitengeneza kifaa cha kuonya, na mwaka 1946 akaanzisha kampuni ya Safe Flight. Wazo lake ni rahisi: kibati kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Pembe ikiwa ya kawaida, hewa inakisukuma chini. Pembe ikikaribia hatari, hewa inakisukuma juu, swichi inafunga, honi inalia.

Cessna 172 nyingi zina kitu rahisi zaidi, hata umeme hakuna. Ni tundu kwenye ukingo wa bawa la kushoto, na nyuma yake kipenga kama cha kinanda cha mdomo. Pembe ikikua, eneo la hewa nyepesi linalofyonza linateremka hadi kwenye tundu, hewa inavutwa kupitia kipenga, nacho kinalia. Kinaanza kulia kati ya kilomita 10 na 18 kwa saa hivi kabla ya stoli. Na rubani anakikagua vipi kabla ya kuruka? Anaweka kitambaa safi kwenye tundu na kufyonza kwa mdomo! Kikilia, twende. Kama nyigu wamejenga humo, atajua akiwa bado chini.

NAIROBI 1974: ONYO LA KWELI, LILILOCHELEWA

Boeing 747 ya Lufthansa ilikuwa inatoka Frankfurt kwenda Johannesburg. Ndege hiyo ina vipande kwenye ukingo wa mbele wa mabawa ambavyo lazima vifunguliwe wakati wa kuruka. Bila hivyo bawa hustoli mapema zaidi. Vipande husukumwa na hewa iliyobanwa kutoka kwenye injini, na siku hiyo valvu za hewa hiyo zilikuwa zimefungwa. Havikufunguka.

Ndege iliondoka ardhini, ikaanza kutikisika, usukani ukatetemeka. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na injini hazina nguvu kama za pwani. Kimo cha kuinamisha pua ili kurudisha spidi hakikuwepo. Ilianguka mbele kidogo ya uwanja na kuwaka moto. Walikufa 59, wakapona 98. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu.

Angalia vizuri: onyo lilifanya kazi yake. Lakini lilipima matokeo, si chanzo. Baadaye Boeing waliongeza mfumo wa kumwonya rubani akiwa bado chini kama vipande havijafunguka. Kwa lugha yetu: kagua data kabla ya kuendesha programu, usingoje ikwame katikati.

ADDIS 2019: ONYO LA UONGO

Boeing 737 MAX ina vihisi viwili vya pembe, kimoja kila upande wa pua. Mara baada ya kuruka, cha kushoto kilisoma digrii 74.5, cha kulia 15.3. Digrii 74.5! Hata mtoto angeuliza. Lakini programu iitwayo MCAS ilikuwa inasoma kihisi kimoja tu kwa safari, ikaamini, ikaendelea kuinamisha pua mara kwa mara hadi ndege ikaanguka dakika sita baadaye. Wote 157 walikufa, wakiwemo Wakenya zaidi ya 30. Chini ya miezi mitano kabla, Lion Air ya Indonesia ilikuwa imepoteza watu 189 kwa njia ile ile.

Na kulikuwa na taa ya kusema "vihisi havikubaliani". Kwa kosa la programu, ilifanya kazi tu kwa mashirika yaliyonunua kionyesho cha pembe kama nyongeza. Boeing waligundua hilo mwaka 2017. Marekebisho yaliyoidhinishwa Marekani Novemba 2020 yanalinganisha vihisi vyote viwili: vikitofautiana kwa digrii 5.5 au zaidi, MCAS inanyamaza.

TURUDI KWENYE NDEGE NDOGO

Honi ina majibu mawili tu, kimya au kelele. Kionyesho cha pembe ni kama alama ya betri kwenye simu: kijani, njano, nyekundu, unaona unakoelekea. Ndege za kijeshi zimekuwa navyo kwa miongo mingi. Februari 2014 mamlaka ya anga ya Marekani ilirahisisha vibali ili ndege ndogo nazo zivifunge bila gharama kubwa ya makaratasi.

Ni habari njema kwa marubani wanaotua viwanja vifupi vya Afrika Mashariki. Hata hivyo, nikiulizwa ningechagua nini, ningesema vyote viwili, na visitegemee waya mmoja wala kihisi kimoja. Kipenga cha Cessna hakimshiki rubani usukani, kinapiga kelele tu. MCAS ilipewa taarifa ya shahidi mmoja, kisha ikapewa na usukani.

Wewe unayeandika programu za malipo, za hospitali au za bodaboda: kihisi chako kikidanganya, nani atakibishia? Tuambie hapo chini kwenye maoni.