Mfundishe mwana kutaja mahali, si nambari pekee

Watoto wetu wengi wanajua kuwa polisi ni 999, na wengine watakutajia 112 pia. Zote mbili hupigwa bure, hata simu ikiwa haina salio. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina yake, 1199, na mtoto anayeteswa au aliye hatarini ana 116. Ziandikwe ukutani karibu na mlango. Mtoto wa darasa la tatu atazihifadhi kwa jioni moja.

Kazi yenyewe iko baada ya simu kupokewa. Anayepokea huenda hayuko Lamu, wala hajawahi kuteremka gatini kwetu. Atauliza, "Uko wapi?" Mtoto atajibu, "Nyumbani," au "Kwa bibi." Mkomani na Langoni nyumba hazitambulikani kwa nambari, na kuna vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani. Kwa hivyo wanafunzi wangu wa madrasa huwaanza na mahali: kisiwa, mji, mtaa, kisha msikiti ulio karibu. Ndipo aseme kilichotokea, na kwa nani. Tunajaribu hivi, mmoja akiwa mpokeaji: "Nipo kisiwa cha Lamu, mji wa Shela, nyuma ya Msikiti wa Ijumaa. Babu ameanguka. Mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Anapumua." Asikate simu mpaka aambiwe.

Huko Pate liko jambo la ziada, nalo ni maji. Maji yakikupwa, mashua haifiki mji wa Pate. Watu hushukia Mtangawanda kisha waendelee kwa nchi kavu. Mtoto wa Pate anayeomba msaada aseme kama maji yamejaa au yamekupwa, na mgonjwa atapelekwa gati gani. Hilo wazazi wengi hudhani ni la manahodha peke yao, ilhali mtoto wa miaka kumi anayevua kaa analijua kuliko afisa aliye Nairobi.

Kutambua hatari kwenyewe ni somo. Watoto hudhani anayezama hupiga kelele, kama katika filamu. Mara nyingi yuko kimya: kichwa kimeelekea nyuma, mdomo uko sawa na maji, mikono inasukuma maji chini kama apandaye ngazi. Anayemwona asijirushe kumfuata. Atupe kamba, au mtungi mtupu uliofungwa kifuniko, huku akiita watu. Na ule mchezo wa kujifanya unakufa maji pale ufukweni ukomeshwe, kwa ukali ikibidi.

Aliyeumwa na nyoka asikatwe wala kufungwa kamba, na jeraha lisinyonywe. Mguu utulizwe, apelekwe hospitali. Na moto: nyumba za makuti hazimpi mtu nafasi ya kufikiri. Ule wa Faza mwaka 2009 uliteketeza mamia ya nyumba. Mtoto atoke kwanza, apige ukelele majirani watoke, ndipo ashike simu. Asirudi ndani kuchukua kitu, hata kama ni mkoba wa mama wenye vitambulisho.

Kuna kizuizi kingine ambacho hatukisemi sana. Mtoto wetu amelelewa asiwakatize wakubwa, wala asitoe siri ya nyumba. Ni malezi mema, lakini yanaweza kumfunga mdomo akimwona bibi hawezi kutamka jina lake, na wakubwa wanasema, "Mwacheni alale kidogo." Kiharusi hakingoji usingizi. Apewe ruhusa mapema, waziwazi, mbele ya baba na mama: ukiona mdomo umepinda, mtu amezimia, au damu haikomi, ita watu na piga simu, hutagombezwa hata ikiwa umekosea. Nimeona watoto wakitazamana wanapoambiwa hivyo. Huuliza mara mbili kama ni kweli.

Ukutani kuwe na nambari ya tano, ya jirani mwenye mashua ya mashine. Kutoka Kizingitini au Ndau hadi Hospitali ya King Fahd njia ni bahari, na chombo kilicho karibu ndicho kitakachoondoka kwanza. Mwendeeni mapema mumwulize kama hulala na simu ikiwa wazi, kama huweka mafuta ya akiba, na nani ashike usukani akiwa amesafiri. Kisha mtoto ampigie mara moja, wajuane sauti.