Jiwe la Gumegume na Matope ya Bahari

Msomaji, bila shaka umepata kusikia habari za bunduki ya gumegume, ile iliyotumiwa katika nchi zetu zamani, kabla ya bunduki za siku hizi. Katika mtambo wake palifungwa kipande cha jiwe. Kilipopigwa juu ya chuma kilitoa cheche, na cheche hizo ziliwasha baruti. Jiwe hilo ndilo ninalotaka kukuandikia habari zake. Kisu cha chuma hakiwezi kulikwaruza, mvua na jua haviliozeshi, na likivunjwa hutoa ukingo mkali kama wembe. Walakini gumegume, gumu kama lilivyo, lilikuwa hapo kwanza matope laini katika sakafu ya bahari. Wengi hudhani kuwa matope hayo yaligandamizwa tu kwa uzito mpaka yakawa jiwe. Sivyo, na watu walichukua zaidi ya miaka mia moja kujua ilivyokuwa.

Wataalamu wa miamba huliita gumegume lile jiwe jeusi au la kijivu lipatikanalo ndani ya chaki, na jamaa yake anayepatikana katika miamba mingine huitwa cherti. Asili yao ni moja, nayo ni silika. Usilichanganye neno hili na silika ya mtu, yaani tabia aliyozaliwa nayo. Silika ninayoitaja mimi ni ile dutu inayofanya mchanga na kioo, na umbo lake lililo gumu na lenye mpangilio huitwa kwatzi.

Tuanzie Magunga, maana hapo macho hudanganyika kwa urahisi. Milima ya Gwassi iliyo karibu na mji huo mdogo ni mabaki ya volkano kubwa iitwayo Kisingiri. Majivu yake ndiyo yaliyofukia wanyama wa kisiwa cha Rusinga, kati ya miaka milioni 17 na milioni 20 iliyopita, na huko ndiko Mary Leakey alikopata fuvu maarufu la Prokonsuli mwaka 1948. Katikati ya volkano hiyo, mahali paitwapo Rangwa, na vilevile katika mlima Homa, mna mwamba mweupe au wa kijivu ambao ukidondoshewa asidi hutoa povu kama itoavyo chokaa. Kwa kemia yake ni ndugu wa chokaa kweli, lakini haukutoka baharini. Ulipanda kutoka chini ya ardhi ukiwa umeyeyuka kwa moto. Huitwa karbonatiti, na si nchi nyingi duniani zilizo nao kwa wingi kama pande hizi za Homa Bay.

Sasa twende Kariandusi, karibu na Gilgil. Huko nako huchimbwa mwamba mweupe, laini, mwepesi mno mkononi. Ukiudondoshea asidi, hakuna povu. Mwamba huo ni diatomaiti, nao umefanywa na vigamba vya mimea midogo iitwayo diatomu iliyoishi katika ziwa la kale. Vigamba hivyo si vya chokaa, ni vya silika tupu.

Mwamba mweupe wa tatu haupo Gwassi wala Gilgil. Ni chaki yenyewe, kama ile ya majabali ya Dover kule Uingereza. (Chaki ya mwalimu wako huenda si chaki hata kidogo, kwa sababu nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa jasi.) Chaki ya kweli hutoa povu, na imefanywa na vigamba vya chokaa vya viumbe vidogo vya baharini. Ndani yake, safu kwa safu, mna mabonge ya gumegume jeusi. Hapo ndipo lilipotokea swali: jiwe gumu la silika lilifikaje ndani ya mwamba laini wa chokaa?

Katika miaka ya 1830 mtaalamu wa Berlin, Christian Gottfried Ehrenberg, aliitia chaki chini ya hadubini akaona kuwa kile kilichodhaniwa ni vumbi kilikuwa vigamba. Alitazama gumegume pia, akaona mabaki ya viumbe ndani yake. Mwaka 1857 meli ya Kiingereza Cyclops ilitumwa kupima kina cha Atlantiki ili waya wa simu upate kulazwa chini, nayo ikaleta matope kutoka kilindini. Thomas Huxley aliyachunguza, na mwaka 1868 alisimama mbele ya wafanyakazi wa mji wa Norwich akawaeleza kuwa matope hayo na chaki iliyo chini ya mji wao ni kitu cha namna moja. Kisha meli Challenger ilizunguka bahari za dunia tangu 1872 hata 1876, ikikusanya matope ya vilindi. Ikajulikana kwamba mahali pengine sakafu ya bahari imefunikwa na vigamba vya chokaa, na mahali pengine, hasa kwenye maji ya baridi au kwenye kina kikubwa mno ambapo chokaa huyeyuka, imefunikwa na vigamba vya silika. Lakini hata baada ya safari hiyo hakuna aliyekuwa ameona gumegume likifanyika.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha habari.

Matope ya chokaa hujikusanya polepole, pengine sentimita moja au chache tu kwa miaka elfu. Pamoja na vigamba vya chokaa huanguka vigamba vichache vya silika: vya diatomu, vya wanyama wadogo waitwao radiolaria, na vijiti vya sponji. Silika ya vigamba hivi ni ya namna ya opali. Chembe zake hazina mpangilio, na kwa hiyo huyeyuka kwa urahisi kuliko kwatzi. Matope yanapozidi kufunikwa na joto la chini kuongezeka, opali huyeyuka katika maji yaliyobaki kati ya chembe za chokaa. Maji hayo hujaa silika.

Labda umewaona wapishi wa sukari guru kule Awendo. Maji ya miwa huchemshwa mpaka yanakuwa mazito, halafu yakipoa sukari hujitenga na kuganda. Ndivyo ilivyo hapa, ila kwa tofauti moja ambayo ndiyo ufunguo wa jambo zima. Maji ambayo bado yaweza kuyeyusha opali ya vigamba, kwa silika yenye mpangilio bora yamekwisha kujaa kupita kiasi. Basi silika hutoka upande mmoja na kuganda upande mwingine kwa wakati ule ule. Hutoka katika kigamba dhaifu, ikaganda katika umbo lenye nguvu zaidi. Kwanza huwa opali ya daraja la pili, iliyojipanga nusu, katika vitufe vidogo visivyoonekana kwa macho. Baada ya miaka mingi, nayo huyeyuka na kuganda tena ikiwa kwatzi. Mara mbili huyeyuka, mara mbili huganda. Uzito wa matope yaliyo juu husaidia kwa kufinya maji yatoke, lakini uzito peke yake ungeleta chaki ngumu tu, si gumegume.

Na chokaa iliyokuwapo hapo? Hiyo huyeyuka ikaipisha silika, chembe kwa chembe, kwa taratibu hata umbo lisipotee. Ndiyo maana wachimbaji wa chaki huokota urumbili wa kale, mnyama wa baharini mwenye miiba, amegeuka gumegume na kila kitundu cha gamba lake chaonekana. Mabonge mengi yana maumbo ya ajabu, ya vidole na pembe, kwa kuwa silika ilifuata mashimo yaliyochimbwa na wanyama waliokaa ndani ya matope.

Mambo haya yalithibitishwa na meli iliyochukia gumegume kuliko meli nyingine yoyote. Glomar Challenger, meli ya Kimarekani iliyopewa jina kwa heshima ya ile ya kwanza, ilianza mwaka 1968 kutoboa sakafu za bahari. Mabaharia wake walitazamia matope na chokaa. Walikuta matabaka ya cherti, mengine yakiwa na umri wa yapata miaka milioni 50, yakiyala meno ya keekee kwa muda mfupi. Keekee ikiisha makali, bomba lote lililazimika kuvutwa juu, na shimo likapotea, kwa maana nani awezaye kulipata tena tundu dogo katika giza la kilindi? Kwa sababu hiyo mafundi walibuni mdomo mpana kama faneli wa kuwekwa juu ya shimo, na chombo cha kuutafuta kwa sauti. Mwezi wa Juni 1970, penye maji ya kina cha yapata mita 3,000, walibadilisha keekee wakarudi katika shimo lile lile. Naona hii ni mojawapo ya kazi za ustadi zilizosahauliwa bure. Mwaka 1972 meli hiyo ilifika Bahari ya Hindi, ikatoboa pia mashariki ya pwani ya Kenya.

Katika nguzo za mawe zilizoletwa juu, wataalamu waliona hatua zote. Aghalabu katika matabaka machanga vigamba vya opali vilikuwa vizima, chini yake palikuwa na opali ya daraja la pili, na katika matabaka ya kale kwatzi. Mpaka wa hatua hizi haukuwa wa umri peke yake. Joto huharakisha kazi, na matope ya chokaa huiharakisha kuliko udongo wa mfinyanzi.

Wakati huohuo jibu lingine lilipatikana Kenya, mbali na bahari. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza habari za madini mapya mawili kutoka Ziwa Magadi, nayo yakaitwa magadiaiti na kenyaiti. Maji ya Magadi ni makali kwa magadi, na maji ya namna hiyo huyeyusha silika nyingi ajabu. Madini hayo hutulia yakiwa laini na meupe. Halafu maji yanapoyanyang'anya sodiamu yake, hubaki cherti ngumu. Hapo hapahitajiki kigamba wala kilindi, wala mamilioni ya miaka. Cherti ya Olduvai, Tanzania, ilifanyika vivyo hivyo katika ziwa la kale, na ziwa lilipopungua watengenezaji wa zana za mawe waliifuata wakaipasua. Ziwa liliporudi kuifunika, hawakuipata kwa urahisi, wakarudia mawe mengine. Tayari walikuwa hodari wa kuchagua: huko Kanjera, rasi ya Homa, yapata miaka milioni mbili iliyopita, watu wa kale walibeba mawe yaliyo bora kutoka umbali wa zaidi ya kilomita kumi.

Ukitoka Magunga ukashuka kusini kupita Karungu mpaka Macalder, unaacha volkano changa na kuingia katika miamba ya umri wa karibu miaka milioni 2,700. R. M. Shackleton aliieleza katika taarifa yake ya mwaka 1946 juu ya ukanda wa dhahabu wa Migori. Kati ya miamba ya volkano za kale mna mistari ya cherti na chuma, mwekundu kwa mweusi, iliyotulia chini ya maji ya bahari. Lakini zama hizo hapakuwa na diatomu wala radiolaria, wala sponji. Vigamba vilivyotoa silika viko wapi? Havikuwapo. Kwa kuwa hapakuwa na kiumbe wa kuinyakua, silika ilijaa katika maji ya bahari yenyewe mpaka ikatulia bila msaada. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Migori huponda miamba yenye silika kila siku, na vumbi lake huharibu mapafu kidogo kidogo. Anayeponda bila kulowesha jiwe huvuta ndani kitu ambacho mwili hauwezi kukiyeyusha.

Bahari ya leo haiwezi kufanya cherti kama ile ya Migori. Diatomu huila silika mara tu mito inapoileta, hata maji ya juu hubaki na kidogo sana. Ziwa Victoria lenyewe, chini ya milima ya Gwassi, ni ushahidi. Mnamo 1960 na 1961 J. F. Talling alipima maji yake. Wataalamu waliopima tena miaka thelathini baadaye walikuta silika iliyoyeyuka imepungua kwa takriban mara kumi. Rutuba iliyoingia ziwani kutoka mashambani na hewani ilizistawisha diatomu, nazo zikaitumia silika na kuzama nayo katika matope. Silika ilipokuwa haba, zile diatomu kubwa zenye vigamba vizito, ambazo zamani zilitawala ziwa, ziliwapisha wengine wasiohitaji silika, na hao ndio wanaoyafanya maji ya ghuba kuwa kijani. Vigamba vya zile za zamani vimelala chini ya ziwa, laini bado, na silika yao haijaanza safari ya kwanza.