Mvuto wa kimahaba na mvuto wa kingono
Mvuto wa kimahaba na mvuto wa kingono ni hisia mbili ambazo mara nyingi huandamana, lakini sayansi huzitenganisha. Wa kingono ni hamu ya kujamiiana. Wa kimahaba ni kumuwaza mtu mchana na usiku na kukosa raha asipoonekana. Mwaka 2003 mwanasaikolojia wa Marekani Lisa Diamond alidai kuwa chimbuko la hisia hizi mbili ni tofauti: hamu ya ngono inahusu kuzaana, mahaba yanatokana na mfumo uleule unaomfunga mtoto kwa mlezi wake. Kwa hiyo mtu aweza kumpenda asiyemtamani.

Mwaka 2005 watafiti Helen Fisher, Arthur Aron na wenzao walichunguza bongo za watu 17 waliozama katika mapenzi. Walipotazama picha ya mpenzi, maeneo yenye kemikali ya dopamini kwa wingi yalichangamka. Watu 17 ni wachache mno. Takwimu za Uingereza alizozichambua mtafiti Anthony Bogaert mwaka 2004 zina uzito zaidi: kati ya watu zaidi ya 18,000, takriban asilimia 1 walisema hawajawahi kuvutiwa kingono na yeyote, na baadhi yao walikuwa na wenzi, dalili kwamba uhusiano waweza kuwapo bila mvuto wa kingono.